Sosi Nyeupe Kutoka Ng'ambo ya Mto

Juzi, kwenye arusi moja hapa Kamembe, kijana aliyekuwa akigawa kuku wa kuchoma aliniwekea kijiko cha sosi nyeupe pembeni ya sahani. Kabla sijaitazama, pua ilikuwa imekwisha kuitambua. Nilichovya kipande cha ndizi, nikala, halafu bila kufikiri nikainua vidole vyangu na kuvinusa kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta ushahidi. Mume wangu aliinama akaniuliza nilikuwa namshuku nani. Nilimwambia simshuku mtu. Hakuniamini.

Siku hizi sosi ya kitunguu saumu iko kila mahali. Kigali nimeila ikiwa laini kama povu, imepigwa kwa mashine na kupakwa ndani ya mkate wenye nyama. Nimeila ya maziwa ya mgando na matango, nimeila pia ile ya njano yenye mayai, inayoletwa na samaki. Watu wa rika langu wanaiagiza na kuendelea na mazungumzo yao. Mimi lazima ninuse kwanza. Tabia hiyo niliipata Mururu, katika msimu mmoja wa utoto wangu ambao nyumba yetu nzima ilikuwa inanusana.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko. Ukisimama nyuma ya jiko uliuona mto Rusizi chini kabisa, na ng'ambo yake nyumba za Bukavu zikiwa zimepandana mlimani, kila moja kama imekanyaga kichwa cha mwenzake. Wazazi wangu walikulia kule na kuoana kule. Mimi nilizaliwa huku baada ya wao kurudi. Papa alifanya kazi Muganza, kwenye kiwanda cha saruji. Kwa sababu ya zamu alilala hukohuko, na siku zake za mapumziko alikuja juu ya lori, nyusi zake nyeupe kwa vumbi. Tulibaki mimi, Maman, na Shangazi, dada mkubwa wa Papa, ambaye hakuwahi kuolewa na aliyelala nami chumba kimoja.

Maman alikuwa anauza nyanya Bukavu. Alfajiri aliteremka na kikapu hadi mpakani, Rusizi ya Pili, akavuka daraja pamoja na wanawake wengine, jioni akapanda mlima na kikapu kitupu. Nilimpokea njiani kila siku, na nilijua harufu yake kama ninavyojua sauti yake: majani ya nyanya, jasho, vumbi la barabara, na sabuni ya kipande iliyobaki kwenye kitenge. Kisha ikaanza kuja harufu nyingine. Ilikuwa kali, inachoma kidogo ndani ya pua, na haikutoka kwenye nguo. Ilitoka mikononi. Alipokuwa ananifunga kamba ya rinda au kunifuta uso, ilibaki shavuni kwangu hadi nilipolala.

Nilimuuliza Shangazi ni harufu ya nini. Alikuwa anachambua maharagwe. Alitazama njia ambayo Maman alikuwa amepita, kisha akasema kwa Kinyarwanda, "Tungurusumu."

Ndivyo kitunguu saumu kinavyoitwa. Lakini sisi nyumbani tulichanganya lugha zote, Kinyarwanda na Kiswahili cha Bukavu na Kifaransa kidogo juu yake, na sikio la mtoto huchukua lile linaloliogopa. Mimi nilisikia sumu. Na kwenye kilima chetu sumu haikuwa neno la mchezo. Tulikatazwa kula kwa watu. Mgeni aliyeletewa kinywaji alingoja mwenye nyumba aonje kwanza. Kila aliyeumwa tumbo alikuwa na jina la mtu mdomoni, hata asipolitaja. Kwa hiyo nilianza kuichunguza sahani yangu. Maharagwe mawili matatu ya kwanza nilimtupia kuku wetu mwekundu, nikamtazama anavyotembea, ndipo nikala. Kuku alinenepa. Maman aliona, akadhani nampenda yule kuku.

"Nyanya hazinuki hivi," Shangazi alisema jioni moja, tukiwa wawili jikoni. "Muntu wa kuuza nyanya anagusa kitunguu wapi?"

"Labda anauza na vitunguu," nilisema.

"Umeona kitunguu ndani ya kikapu?"

Sikuwa nimeona. Kesho yake niliangalia kikapu vizuri. Chini, chini ya magunia aliyofunikia nyanya, nilikuta kitambaa kidogo kimekunjwa, kimeshonewa kamba mbili za kufungia shingoni. Ilikuwa bavete, ile wanayovalishwa watoto wachanga wasichafue kifua. Ilikuwa na madoa meupe yaliyokauka, na ilinuka ile harufu hasa, kwa nguvu kuliko mikono yake. Ndani yake kulikuwa na kijiko kidogo cha plastiki.

Hapo sumu niliiacha, nikapata jambo baya zaidi. Maman alikuwa na mtoto mwingine Bukavu. Kila kitu kilikubaliana na wazo hilo. Alirudi amechoka kuliko zamani. Jioni alisimama nyuma ya jiko akitazama ng'ambo, kwenye zile taa, na nikimwita ilibidi nimwite tena. Nilimwona mtoto huyo waziwazi: mnene, mwenye meno mawili, ananyonya vidole vya mama yangu.

Nilijaribu kumuuliza. Alikuwa anasuka nywele zangu, kwa hiyo sikuweza kuuona uso wake.

"Maman, ku Bukavu uko na mutoto?"

Vidole vilisimama kichwani kwangu. Nilihesabu hilo kuwa jibu. Kisha vikaendelea kusuka, vikivuta kwa nguvu zaidi.

"Niko na wewe," alisema.

Papa alikuja mwisho wa juma, na mchele wa Muganza begani. Sijui Shangazi alimwambia nini pale nyuma ya nyumba, ila walikaa huko muda, na aliporudi ndani hakunibeba kama kawaida yake. Tulipokaa kula, Maman alimpa maji ya kunawa. Papa aliushika mkono wake uliokuwa na jagi, akausogeza karibu na uso wake kama anayetaka kuubusu, halafu akauachia.

"Nyanya zinauzwaje?" aliuliza.

"Bizuri."

"Hakuna kitu kingine unauza?"

"Nyanya tu."

Shangazi alitazama mchele wake. Mimi nilimtazama Maman, na kwa mara ya kwanza niliona mtu mzima akisema uongo huku akila polepole ili mdomo uwe na kazi.

Asubuhi Maman aliposhuka na kikapu, Papa alingoja kidogo, kisha akaniambia nivae viatu, tunaenda Bukavu kuninunulia rinda. Hakuwahi kuninunulia rinda. Tuliteremka. Darajani maji yalikuwa yanapiga kelele chini yetu, na askari wa upande wa pili akaniuliza mimi, kwa utani, ninaenda kumuona nani.

"Mama yake," Papa alijibu badala yangu.

Mahali ambapo wanawake wa Mururu walipanga nyanya zao, kikapu cha Maman kilikuwepo lakini yeye hakuwepo. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, alimtambua Papa, au alinitambua mimi kwa uso.

"Maman Neema anaendaka kule juu kila siku," alisema, akionyesha kwa kidevu njia ya mawe iliyopanda kati ya nyumba. "Anamaliza kwanza kazi yake kule, njo anarudi kuuza. Miye njo naangalia bintu vyake."

"Kule kwa nani?"

Yule mama alimwangalia Papa vizuri, kisha akaanza kupanga sambaza zake ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. "Siyuwi, papa. Muulize yeye."

Tulipanda. Mwanzoni Papa alitembea haraka hadi nikawa nakimbia. Kisha akaanza kupunguza mwendo, na penye kona yenye mfereji uliobomoka akasimama kabisa. Nilimuuliza kwa nini tunasimama. Alisema, "Hii njia ninaijua." Nilidhani atageuka turudi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Hasira aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imepotea na mahali pake nikaona kitu ambacho kwa mtoto kilifanana na ugonjwa. Lakini harufu ilikuwa imekwisha kutufikia, ile ile, ikitoka kwenye mlango uliokuwa wazi, na tuliifuata.

Maman alikuwa amekaa kwenye kibao, kinu kidogo katikati ya miguu yake, anaponda. Mbele yake, kwenye kiti chenye mito, alikaa mzee. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mtoto, hata kumchukia nilikuwa nimekwisha kumchukia, na sasa nikamwona mwanaume mwenye ndevu nyeupe amefungwa bavete shingoni, mdomo wake umelegea upande mmoja, anangoja kijiko.

Maman hakushtuka. Aliweka mchi chini taratibu.

"Nyanya zinauzwaje?" Papa aliuliza tena.

"Alianguka," Maman alisema. "Upande mumoja ulikufa. Muntu wa kumulisha hana. Chakula chote anasema iko kama udongo, hata chumvi hasikii. Hii tu njo inamufikia ku ulimi." Alionyesha bakuli. Ndani kulikuwa na viazi vya kuchemsha vilivyopondwa na kitunguu saumu, mafuta na ndimu, hadi vikawa vyeupe na laini. "Alikuwa anaipikia yule Mugiriki. Yeye mwenyewe alinifundisha nikiwa mutoto."

Ndivyo nilivyojua kwamba mzee yule alikuwa baba yake. Nilikuwa nimeambiwa kwamba upande wa Maman hatuna babu, na sikuwahi kuuliza alikufa lini.

"Umemusamehe," Papa alisema.

"Sikumusamehe. Niko namulisha."

Mzee alikuwa ananitazama mimi. Jicho moja lilikuwa na machozi yasiyokoma. "Ni huyu Neema?" alisema, maneno yakitoka nusu. "Kuya hapa." Sikwenda. Nilishika suruali ya Papa.

Papa hakukaa. Alibaki amesimama karibu na mlango, akagusa mbao zake kwa kiganja, kama mtu anayepima kama ni zile zile.

"Mzee," alisema, "ile usiku ya Shukuru, niligonga huu mulango. Ulisikia?"

Shukuru nilimjua kwa jina tu. Alikuwa kaka yangu, mtoto wa kwanza, aliyekufa kabla sijazaliwa. Tulimtaja kwenye sala ya jioni kati ya watakatifu na wagonjwa. Mengine nilielezwa nikiwa mkubwa. Mzee alikuwa mpishi wa mfanyabiashara mmoja Mgiriki, na aliaminiwa kiasi cha kuachiwa ufunguo wa gari. Papa alipomchumbia Maman, Mzee alikataa. Alisema hatampa binti yake kijana mkimbizi asiye na kwao, ambaye siku moja atafunga mizigo na kwenda. Walioana bila yeye. Mwaka uliofuata Shukuru alipatwa na homa usiku, na Papa akakimbia kwenye mlango ule kuomba gari. Aligonga hadi mkono ukavimba. Hakuna aliyefungua. Alimbeba mtoto kwa miguu kwenda hospitali, na walipofika alikuwa amebeba maiti. Tangu hapo jina la Mzee halikutamkwa nyumbani, na kila mmoja wa wazazi wangu alikuwa na lake moyoni kuhusu mlango ule.

Mzee alilipangusa jicho lake kwa mkono wake mzima. Halafu akasema, "Nilisikia."

Maman aliinua kichwa.

"Nilizania unakuya kugombana," Mzee aliendelea. "Ulikuwa umeapa. Watu waliniambia umeapa. Nilikaa na panga ku kitanda. Nikasema, kama ni kitu ya maana atarudi asubui."

"Nilikuwa nalia jina la mutoto," Papa alisema.

"Mulango nilisikia. Jina sikusikia."

"Nililiita kwa nguvu."

"Sikusikia jina. Njo vile iko."

Papa alimtazama usoni. Mpaka leo sijui kama aliamini ile nusu ya pili. Nilikuwa namtazama Mzee pia, nikitafuta usoni kwake dalili ya uongo kama niliyoiona kwa Maman juu ya sahani ya mchele, lakini uso wake ulikuwa umekufa upande mmoja na sikuweza kusoma kitu.

Maman ndiye aliyesogea wa kwanza. Alichukua bakuli akaliweka mapajani mwa Mzee, akamtia kijiko kwenye mkono wake mzima, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka. Papa alimfuata. Mimi nilikuwa wa mwisho mlangoni, na nilimwona Mzee akijaribu kuinua kijiko. Kilifika kwenye shavu.

Tuliteremka hadi darajani. Kelele za mto zilipotufunika, Maman alisema bila kugeuza uso, "Juu ya nini ulimuuliza?"

"Nilikuwa nataka kujua."

"Mimi sikutaka. Miezi hii yote nilikuwa namupondea ile kitu na sikumuuliza. Nilijua nikimuuliza sitaweza tena kumulisha."

"Sasa unajua," Papa alisema. Hakusema kwa ubaya.

Usiku ule Papa alilala usingizi ambao Shangazi alisema hakuuona kwake tangu ujana. Jumapili kengele ya misa ililia na hakuamka. Maman alikuwa amekaa nje kwenye kibao, mikono yake mapajani, viganja juu. Na Papa alipokuwa anapanda lori kurudi Muganza, alimwambia maneno ambayo sikuyaelewa wakati ule, ingawa sasa nadhani yalikuwa maneno ya mtu anayempenda mke wake. "Ukienda, niambie. Usipoenda, niambie vilevile."

Hakwenda. Siku zilizofuata Maman alivuka daraja, akauza nyanya zake, akarudi ananuka nyanya tu. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilinusa mikono yake kila jioni na nikawa na hofu mpya, maana nilikuwa nimekiona kijiko kikigonga shavu. Nilijiuliza ni nani anayemlisha. Nilimshuku Maman, kwamba amemwacha afe, na nilimshuku kwamba ananyamaza kwa sababu ameshakufa.

Ni Shangazi aliyelisema, yeye aliyekuwa wa kwanza kumchunguza. Alikuwa anapuliza moto.

"Leo pia nyanya tu?"

"Nyanya tu," Maman alijibu.

"Na yule mzee?"

"Jirani anamupa uji."

Shangazi alipuliza tena, akakohoa moshi. "Uji hausikiki ku ulimi," alisema. "Ndugu yangu aliniambia ulivyosema."

Maman alitoka nje. Lakini Jumamosi niliamshwa na harufu ile, na safari hii ilikuwa inatoka jikoni kwetu. Alikuwa amekaa chini, maganda ya kitunguu saumu yametapakaa miguuni kama mabawa ya kumbikumbi, na viazi vya shamba letu vinatoa mvuke kwenye sufuria. Aliniita nikae karibu. Alinionyesha kwamba chumvi inatangulia, ili meno ya kitunguu yasiruke kwenye kinu. Kwamba mafuta yanaingia kidogo kidogo, na ukifanya haraka sosi inakatika na hairudi. Kwamba ndimu ni ya mwisho. Nilionja kwa kidole. Ilinichoma hadi machoni. Haikuwa na ladha ya sumu wala ya mtoto mchanga. Ilikuwa kali na tamu, na nilitaka nyingine.

Tulivuka pamoja. Alipofika kwenye nyanya za wenzake hakusimama. Tulipanda moja kwa moja njia ya mawe, bakuli limefungwa kitenge kichwani kwake. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amekonda, mifupa ya mashavu imetokeza, na kwenye kidevu kulikuwa na uji uliokauka ambao hakuna aliyeufuta. Alituona. Hakuomba msamaha, hakusema alikuwa anatungoja. Maman aliketi mbele yake kwenye kibao, akafungua bakuli, akachota.

Aliinua kijiko hadi karibu na midomo yake, halafu mkono ukasimama hapo. Mzee alifungua mdomo. Kijiko hakikusogea. Nilimtazama Maman kwa pembeni, jinsi taya lake lilivyokuwa limekaza, na kweli sikujua angefanya nini. Angeweza kulimwaga lile bakuli lote sakafuni na nisingeshangaa. Mzee pia hakujua. Alingoja mdomo wazi, jicho lake likimtazama yeye na si kijiko, na wala hakugeuza uso.

Chini barabarani lori lilipita, likapanda mlima kwa shida, sauti yake ikaisha.

"Kula, Papa," Maman alisema, na kijiko kikaingia.